Sahani Yangu na Kigae cha Waseme

Naandika haya nikiwa nimekaa mwenyewe. Kwa mtu mzima hilo si jambo la kujisifia, lakini mwaka jana nilikuwa sikai mpaka niegemezwe ukutani kama gunia, na nikiegemezwa vibaya nateleza ubavu na kubaki hivyo hivyo hadi mtu apite. Sasa nimemaliza dawa, suruali zimeanza kushika kiunoni, na mke wangu ameanza tena kugombana nami, dalili ya afya ninayoiamini kuliko kipimo chochote. Ninaandika kwa ajili yako wewe unayekohoa hivi sasa na kusema ni salfa.

Sisi wakulima wa korosho huku Nyangamara tunakijua kikohozi cha salfa. Mikorosho ikianza kuchipua tunaipulizia unga wa salfa ili ukungu usiue maua. Mashine inabebwa mgongoni, inanguruma, na unga wa njano unapanda juu ya miti kisha unashuka juu yetu. Macho yanawasha, koo linakauka, kila mtu anakohoa. Jioni unakunywa maziwa, unalala, kesho unarudi. Hakuna anayekwenda hospitali kwa kikohozi cha salfa, na ukienda utachekwa.

Basi nilipoanza kukohoa mwezi wa sita, nilikuwa mmoja tu wa wanakijiji. Tulikohoa shambani, tulikohoa dukani, tulikohoa msikitini mpaka imamu akawa anatungoja. Mwezi wa nane mashine zikawekwa darini, vikohozi vya watu vikaisha, changu kikabaki. Nikasema salfa ya mwaka ule ilikuwa mbaya, nikamlaumu aliyetuletea. Nilikuwa naamka shati limelowa jasho, nikalaumu joto, na huo ni mwezi ambao huku kwetu tunajifunika blanketi.

Wakati huo karibu muda wote nilikuwa shambani, katika kibanda cha kulindia. Mihogo na karanga zetu zina maadui, nguruwe pori na ngedere, kwa hiyo nilifuga mbwa. Mimi ni mtu wa swala tano, na mate ya mbwa kwetu ni najisi. Yakikugusa unanawa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Dini inaruhusu mbwa wa kulinda shamba, lakini majirani wana dini yao ya ziada. Walipoanza kunong'ona nikampa mbwa jina la Waseme, ili kila nikimwita wapate jibu lao. Ndivyo watu wengi huku wanavyojibizana na majirani bila kugombana.

Waseme hakuwahi kukanyaga uani kwangu, na katika miaka yote ile sikuwahi kumgusa. Chakula nilimwekea kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. Naweka chini, narudi nyuma hatua kadhaa, ndipo anakuja. Nilimwita kwa mluzi, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Alinijua kwa mluzi huo, na kwa mwendo wangu wa mbio mbio ambao wanakijiji wananitania nao. Mimi nilimjua kwa sauti. Ngedere aliwabwekea kifupi kifupi, kwa dharau. Nguruwe aliwabwekea kutoka tumboni. Mtu mgeni alimbwekea huku akirudi kinyumenyume. Nyoka hakumbwekea kabisa, alisimama tu na mguu mmoja juu, na mimi nikasimama. Niliona tunaelewana vya kutosha, kila mmoja upande wake.

Damu ilitoka asubuhi moja nikiwa nimeegemea mkorosho. Mate mekundu juu ya majani makavu. Waseme akasogea kunusa, nikamfukuza kwa fimbo, nikafukia kwa mguu. Niliendelea kufukia hivyo mpaka mke wangu, Mama Shaibu, alipoona doa kwenye ukosi wa shati nililompa afue. Hakupiga kelele. Alikwenda kumwita kaka yangu mkubwa, Athumani, ambaye tangu baba yetu afariki neno lake ndilo la mwisho katika ukoo.

Walinipeleka Mtama, kwenye kituo cha afya. Benchi la wanaokohoa liko nje, chini ya bati, peke yake. Ukikaa pale kila anayepita anajua. Nilimkuta fundi baiskeli mmoja ninayemfahamu, tukasalimiana kwa macho, kisha kila mmoja akageukia upande wake kwa aibu. Benchi lile lina adabu yake. Watu hawaulizani wanaumwa nini, wanaulizana korosho huko kwenu zimebeba vipi. Nikapewa kikopo, nikaambiwa niende nyuma ya jengo nikakohoe. Mimi niliyekuwa nakohoa zaidi ya miezi miwili bila kuombwa, siku ya kuombwa kikohozi kikagoma. Nilisimama na kikopo changu, mtu mzima mwenye wajukuu, najikamua, huku mama mmoja aliyekuwa anaanika mashuka akinihimiza nijaribu tena.

Majibu yakasema kifua kikuu. Nesi aliyenipa habari hiyo alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu wa mwisho. Kila mtu siku ile alikaa mbali nami. Yeye alivuta kiti karibu, akafungua dirisha, akakaa.

"Baba, hii inapona," alisema. "Lakini ukiacha dawa katikati, inarudi ikiwa imekuzoea."

Nikamuuliza kama si salfa. Akasema hapana, nimeipata kwa pumzi ya mtu, na huyo mtu huenda hata mwenyewe hajijui. Kaka Athumani, aliyekuwa amesimama mlangoni na leso puani, akauliza vipi kuhusu mbwa, maana huyu mdogo wangu anashinda na mbwa. Nesi akacheka kidogo, akasema mbwa hahusiki. Kaka hapendi kuchekwa, na nadhani Waseme alihukumiwa pale pale.

Dawa ni za miezi sita. Vidonge vyenyewe ni vikubwa, unavimeza asubuhi kabla hujala, na miezi miwili ya mwanzo ndiyo migumu. Mkojo ukawa mwekundu kama maji ya rozela. Jasho likatia doa kanzu. Kichefuchefu kilinishika mpaka harufu ya kitunguu ikawa adui. Nyayo ziliwaka moto. Nilizidi kukonda hata baada ya kuanza dawa, pete ikawa inaanguka kidoleni, meno yakaonekana makubwa kuliko mdomo, na mjukuu wangu aliponiona alijificha nyuma ya mama yake. Kwenda chooni nilishikwa kwapani na Mama Shaibu, yeye akitazama huku na mimi nikitazama kule. Usishangae yakikupata hayo. Mwili unaondoka kwanza, halafu unarudi polepole, na hakuna unachoweza kufanya isipokuwa kumeza.

Kaka aliamua nilale katika jiko la zamani uani, kwa kuwa lina dirisha. Nesi alisema nijitenge kwa muda mfupi wa mwanzo tu, madirisha yawe wazi. Kwetu muda huo mfupi ukarefuka, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuufupisha. Nikapewa sahani yangu ya bati yenye maua ya bluu, na kikombe changu. Mama Shaibu alikuja na chakula, akainama, akaweka kizingitini, akarudi nyuma hatua kadhaa, na kutoka pale akasema, "Kula, Baba Shaibu."

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha siku moja nikiwa nimelala na shavu chini, nikamtazama anavyoinama, anavyoweka, anavyorudi nyuma, na nikajua mwendo ule nimeuona mahali. Ulikuwa wangu, mimi na kile kigae.

Waseme naye alikuwa ameshafika. Shambani hakukuwa na mtu wa kumwekea kitu, akafuata njia mpaka nyumbani, akalala nje ya ua, pale mabua ya ua yalipoanguka, mahali ambapo kupitia mlango wa jiko nilimwona vizuri. Mama Shaibu alimtupia vijiti. Alisogea kidogo, akarudi.

Nilipokohoa alisimama. Kikohozi changu wakati ule kilikuwa kirefu na kibaya, kikianza watoto walikimbia, na majirani waliokuja kunijulia hali walikumbuka ghafla kuku wao. Waseme alisimama, masikio mbele, akangoja mpaka kiishe, ndipo akalala tena. Ilikuwa hivyo kila mara. Hakuna mwingine aliyengoja mpaka mwisho wa kikohozi, na silaumu mtu, mimi mwenyewe ningeondoka kama ningeweza.

Kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama, nikamtazama yeye kuliko nilivyowahi. Niligundua kwamba akipumzika kweli hukunja miguu ya mbele, na akijifanya amepumzika huiacha nje. Ana kovu juu ya jicho, na sikujua lilitoka wapi. Hapendi kukaziwa macho, ukimkazia anageuza kichwa pembeni. Miaka yote nilidhani kule kugeuza kichwa ni kiburi. Nilipoanza kumtazama kwa pembeni, na yeye akanitazama, tukatazamana hivyo asubuhi nzima kama watu wanaooneana haya. Nilikuwa mpweke kupita kiasi, wala sioni sababu ya kulificha hilo. Nilikuwa na watu nyumba nzima, na aliyekuwa karibu nami ni yule aliye nje ya ua.

Kaka Athumani alikuja na dereva wa bodaboda na gunia tupu la korosho. Alisema ng'ambo ya bonde kuna mwindaji wa nguruwe, Mkristo, anahitaji mbwa. Alisema watoto wana haki ya kuwa salama. Alisema yote hayo kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko ukali. Nilitaka kumwambia nesi ameshasema mbwa hahusiki, lakini kikohozi kikanishika kwenye neno la kwanza.

Waseme alikuwa ameshaingia guniani akifuata kichwa cha samaki walichomtilia humo. Alikuwa ametulia humo, mjinga wa watu. Aliposikia nakohoa alianza kulirusha gunia huku na huku na kulia kwa sauti ambayo sikujua kama mbwa anayo. Nilijiburuza hadi kizingitini nikitaka kusimama, nikaangukia sahani yangu. Mama Shaibu alikuwa amesimama na mikono kichwani. Pikipiki ikawaka, ikaondoka, na kile kilio kikaondoka nayo taratibu mpaka kikaishia mtelemkoni. Mimi nikabaki pale na uji kifuani, nalia mbele ya mke wangu na kaka yangu, na wao hawakujua wanifute au waniache.

Korosho zikaanza kudondoka. Msimu ninaoungoja mwaka mzima nikausikia tu kwa masikio, watu wakipita na mifuko, wakitaniana. Ngedere walikula mabibo yangu wakashiba, nguruwe wakafukua mihogo safu kwa safu. Kaka aliniletea habari hizo kana kwamba ni mimi niliyewaalika. Nilikuwa nameza, natapika, nalala, na kila nikimaliza kukohoa nilitazama pale palipoanguka mabua.

Miezi miwili ilipotimia nikarudi kwenye benchi la Mtama. Safari hii fundi baiskeli alisogea, akanipa kipande cha ukwaju wa kumung'unya kwa ajili ya kichefuchefu, tukakaa bega kwa bega hadi tukaitwa. Ukwaju ule nitaukumbuka mpaka naingia kaburini. Makohozi yalikuwa safi, vidonge vikapunguzwa. Nesi akasema sasa nirudi ndani kwangu, nile na wenzangu. Nilipofika nyumbani nikayasema hayo, watu wote wakaitikia alhamdulillah, na jioni sahani yangu ikaja kizingitini kama kawaida.

Mvua zilipoanza Mama Shaibu alipanda mahindi bila mimi. Jioni moja alirudi na matope miguuni, akaleta chakula, akainama, akaweka, na mimi nikangoja arudi nyuma. Hakurudi. Alikaa chini, palepale, mgongo kwenye mlango.

"Shemeji alipouliza, mimi ndiye niliyesema achukuliwe," alisema. "Nilikuogopa wewe, nikamtoa yeye."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na njaa, kwa hiyo nikala. Alikaa mpaka nikamaliza. Nilikohoa pia, na alikaa.

Nilimaliza dawa mahindi yakiwa yamebeba. Nesi alinipa mkono, akaniambia mapafu yamebaki na makovu, pumzi haitarudi yote, na nitakuwa nakohoa kidogo kidogo bila kuwa mgonjwa. Nikamwambia Mama Shaibu kwamba naenda kumtafuta Waseme. Akasema hutafika peke yako, akajitanda kanga. Tukapanda pikipiki hadi ukingo wa bonde, kisha kwa miguu, mimi na fimbo yangu, nikipumzika kila njia inapokata kona.

Mwindaji anaitwa Kosmas. Ana mvi kuliko mimi, lakini aliponiona akaniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba kwa kuwa sikuwa na pumzi ya kubishana. Alitupokea vizuri, akatupa viti. Waseme alikuwa amelala karibu na mafiga, pale pale wanapopikia, amenenepa, manyoya yanang'aa. Akainua kichwa, akabweka huku akirudi kinyumenyume. Bweko lile nalijua mimi kuliko mtu yeyote. Ni la mtu mgeni.

Nikajaribu mluzi. Ikatoka hewa tupu. Nikasimama nijaribu ule mwendo wangu, nikavuta hatua mbili za kizee, akarudi nyuma zaidi. Hata harufu yangu nadhani ilikuwa imegeuka, baada ya miezi sita ya kutoka jasho la vidonge. Nikaelewa pale pale kwamba mluzi na mwendo, vitu alivyonijua kwavyo, ugonjwa umevichukua vyote, na mkono wangu sikuwahi kumpa aujue. Niliumia sana. Nilikuwa nimevuka miezi yote ile nikimfikiria yeye, na kwake mimi ni mzee fulani mwenye fimbo.

"Mimi sina ugomvi, mzee," alisema Kosmas. "Akikujua, nenda naye. Asipokujua mwache hapa, anakula vizuri."

Ilikuwa haki. Ndipo nikajaribu kukohoa. Nikakohoa cha uongo, mara moja, tena. Waseme akanitazama, akageuza kichwa. Ikawa kama nimerudi nyuma ya lile jengo la Mtama na kikopo mkononi. Kikohozi kilichonifukuzia watu wote hakikuja siku niliyokihitaji, maana nimepona. Nikamwambia Mama Shaibu basi, twende zetu.

Upepo ukageuka. Moshi wa kuni mbichi ukanijia wote usoni, na hapo kikaja chenyewe, kile kirefu, kinachoanzia mbavuni. Nikainama, nikashika magoti, macho yakajaa maji. Nilipoyafumbua, Waseme alikuwa amesimama masikio mbele, katika umbali ule ule wa siku zote, anangoja kiishe. Kilipoisha hakulala. Alikuja, kwanza polepole, halafu mkia na kiuno vyote vikacheza, akaingiza pua yake kiganjani mwangu, kiganja kikalowa. Sikuuondoa mkono. Nikampapasa kichwa, nikalipapasa lile kovu. Manyoya yake yalikuwa magumu kuliko nilivyodhani.

Mama Shaibu aliomba maji kwa Kosmas. Akachota udongo mwenyewe pembeni ya njia, akaushika mkono wangu ambao kwa miezi alikuwa haushiki ila kwa kunipeleka chooni, akausugua kwa udongo, kisha akaumiminia maji, akihesabu kwa sauti mpaka saba. Hakuharakisha.

Tukaaga. Waseme akabaki katikati ya uwanja, akitazama mafiga, akitutazama sisi, mguu mmoja juu. Sikuwa na mluzi wa kumwita. Mama Shaibu, ambaye miaka yote hakuwahi kumtaja ila kwa kusema huyo mnyama wako, akageuka.

"Waseme," alisema, "twende nyumbani."

Sasa msimu wa salfa umerudi. Kijiji kizima kinakohoa, na mimi natembea nikiwauliza watu kimeanza lini, mpaka wanaanza kunikwepa. Kama chako hakijaisha baada ya wiki mbili, nenda ukakae kwenye lile benchi. Na kama ni wewe unayempelekea mgonjwa sahani, ukishaiweka kaa kidogo.

Kaka Athumani hajafurahi mpaka leo. Waseme bado hakanyagi ndani, na bado anakula kwenye kigae chake, ila kigae sasa kiko uani. Alfajiri kikohozi kikinijia, nasikia kucha zake nje ya mlango, amesimama. Kitandani, Mama Shaibu naye anafumbua macho, anangoja. Kikiisha, wote wawili wanalala tena.